Kwa Nini Ninaitia Sufu Rangi Kabla ya Kuisokota

Mwezi wa Januari, jua linapokuwa limekwisha kukausha matope ya Kinangop na mvua za masika zingali mbali, jirani yetu mmoja hunyoa kondoo wake. Ana kondoo kumi na wanne aina ya Corriedale, kumi na watatu weupe na jike mmoja wa rangi ya kahawia iliyoiva, na huwanyoa mwenyewe kwa mkasi ule wa zamani uliotengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma kilichopindwa katikati. Mwaka wa kwanza nilipomwendea kumwomba manyoya, alinitazama kwa muda kabla ya kusema, "Mama, haya sisi huyatia kwenye shimo la mbolea. Wewe wayatakia nini?" Nilimwambia kwamba nataka kuyasokota yawe uzi. Aliwaita vijana wake wakanijazia magunia matatu, akakataa kupokea hata shilingi moja. Tangu mwaka uliofuata nimekuwa nikimlipa kwa kilo, kwa sababu mtu anayemlisha mnyama mwaka mzima, akamkinga na mvua ya mawe na kumwogesha dawa ya kupe, hastahili kuambiwa kwamba kilicho mgongoni mwa mnyama huyo ni takataka.

Watu wanaouona uzi wangu sokoni huniuliza kwa nini buluu yake haifanani na buluu ya uzi wa dukani, na kwa nini ukiusogeza karibu na dirisha unaonekana una rangi tatu au nne ndani yake, ilhali ukiutazama kwa mbali ni rangi moja tu. Jibu langu linahusu mpangilio wa kazi. Wengi wanaotia rangi kwa mkono husokota kwanza, kisha huutumbukiza uzi uliokamilika katika sufuria ya rangi. Mimi huitia sufu rangi ikiwa bado ni manyoya yaliyolegea, halafu ndipo ninapoichana, kuichanganya na kuisokota. Ni njia ndefu zaidi, na ina hatari zake, lakini kwa miaka sita sasa sijaiacha.

Niseme kwanza juu ya sufu yenyewe. Msomaji asiichanganye na sufi: sufi ni ile nyepesi itokayo kwenye maganda ya msufi, ambayo watu hujazia mito na magodoro, nayo ni vigumu kuisokota kwa kuwa nywele zake ni fupi na zinateleza. Sufu ni ya kondoo, na si kila kondoo anayo. Kondoo wekundu wa Wamaasai, waliokuwa katika nchi hii kabla ya hao wa kigeni, wana singa fupi zinazofanana na za mbuzi, nazo hazifai kwa uzi. Kondoo wa sufu waliletwa nyanda za juu za Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Lord Delamere alijaribu huko Njoro kuwapandisha majike ya Kimaasai kwa madume aliyoyaagiza kutoka Uingereza, na wengi wa kondoo wake wakafa kwa sababu nyasi za pale zilipungukiwa na madini. Corriedale wenyewe walipatikana New Zealand na Australia katika karne ya 19 kwa kuzalisha Merino na Lincoln, na unene wa nywele zao huwa kati ya maikroni (yaani sehemu za elfu za milimita) 25 na 31 hivi. Merino ni laini zaidi, lakini anayejifunza ninamshauri aanze na Corriedale, kwani nywele zake ni ndefu kiasi, zina mawimbi yanayoonekana kwa macho, na zinauvumilia mkono ambao haujazoea.

Manyoya yakifika nyumbani huyatandaza juu ya meza ya wavu, upande uliokuwa kwenye ngozi ukiwa chini, na kuondoa kingo zote zenye kinyesi na magugu. Sufu ya mabegani ndiyo bora; ya mapajani ni nene na ngumu, na mimi huiweka kando kwa ajili ya mazulia. Kisha huiosha kwa maji ya moto wa nyuzi 60 hivi za Selsiasi na sabuni ya maji, bila kuikoroga, ili mafuta yake ya asili yayeyuke na kutoka. Maji yakipoa sufu ikiwa bado ndani, mafuta hayo huganda tena juu ya nywele na kazi yote inarudi mwanzo. Gunia la kilo tatu likishaoshwa na kukauka hunibakizia chini ya kilo mbili, maana mafuta, jasho na vumbi vya kondoo vina uzito ambao mtu haudhanii mpaka apime.

Hapo ndipo hatari niliyoitaja inapoanza. Mara ya kwanza nilipojaribu kutia rangi sufu isiyosokotwa, niliweka kilo moja na nusu ya manyoya meupe katika sufuria kubwa, nikawasha kuni za kutosha, na nikawa ninaigeuza kwa mwiko kila baada ya dakika chache nikidhani kwamba nisipofanya hivyo rangi haitaenea. Ilipochemka kwa nguvu nikaogopa kwamba imezidi kuiva, nikaitoa na kuitia moja kwa moja katika beseni la maji baridi ya bomba. Nilipoinyanyua kutoka kwenye beseni haikuwa tena manyoya. Ilikuwa blanketi zito, nene kama mkate, ambalo sikuweza kulichana wala kulivuta, na ndani yake bado palikuwa na mabaka meupe ambayo rangi haikuyafikia. Nililia siku ile, kwa sababu yalikuwa manyoya ya mabegani ya kondoo sita na hapakuwa na mengine hadi mwaka uliofuata. Baadaye nililikata vipande vya kutandika ndani ya buti za mvua, na vinatumika hadi leo.

Kilichotokea kina maelezo rahisi. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno yaliyopangika kama vigae vya paa. Moto na maji huyainua magamba hayo, na sufu ikisuguliwa au ikipatwa na badiliko la ghafla la joto, magamba ya unywele mmoja hujinasa katika ya mwingine na hayaachani tena. Uzi uliosokotwa tayari unastahimili zaidi kwa sababu nywele zake zimeshikana mahali pamoja na haziwezi kutembea. Manyoya yaliyolegea yana uhuru wote wa kutembea na kunasana. Kwa hiyo anayetia rangi sufu kabla ya kuisokota hana budi kukubali masharti matatu: joto lipande polepole, sufu isikorogwe, na ipoe ndani ya maji yake yenyewe, hata kama itachukua usiku mzima. Kinangop iko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 91 au 92 tu, jambo linalowaudhi wapishi wa maharage lakini kwangu ni msaada, kwa kuwa sufuria ikinipita kidogo haifiki mbali. Hata hivyo ninatumia kipimajoto, na sivuki nyuzi 85. Badala ya mwiko, ninaigawa sufu katika mifuko ya wavu ya vitunguu, gramu 200 kwa kila mfuko, na kuigeuza mifuko yenyewe taratibu kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.

Mifuko hiyo ninaipata kwa akina mama wanaouza vitunguu katika soko la Engineer, mji mdogo wa hapa Kinangop, ambao pia huniwekea maganda. Lakini kabla ya maganda kuna shabu. Namaanisha lile jiwe jeupe linalong'aa kidogo kama sukari ya mawe, ambalo wazee walilitia katika maji machafu ili matope yatuame. Rangi nyingi za mimea haziwezi kushikamana na sufu zenyewe. Shabu ndiyo inayofunga ndoa kati yao. Mimi hutumia gramu 120 za shabu kwa kila kilo moja ya sufu kavu, nikaiyeyusha kwanza katika maji ya moto, kisha sufu iliyolowa huingia na joto likapanda kwa saa nzima hadi nyuzi 80, likakaa hapo saa nyingine, na jiko likazimwa. Shabu ikizidi kipimo hicho sufu huwa na mnato mikononi, na mtu huijua wakati wa kuichana. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, pia hushika rangi, na hugeuza manjano kuwa kijani cha zeituni, ila ni sumu, maji yake hayafai kumwagwa shambani, na mimi nimeuacha kabisa kwa kuwa kuku wetu hutembea popote. Badala yake, nikitaka rangi iingie giza, nina chupa yenye misumari iliyoota kutu, maji na siki, na hutia kijiko kimoja au viwili mwishoni. Chuma kikizidi hukausha sufu na kuifanya ivunjike.

Rangi zenyewe zinatoka karibu. Maganda ya vitunguu vyekundu na vya kahawia, uzito sawa na sufu, hunipa dhahabu inayoelekea chungwa. Yale magugu marefu yenye harufu kali, ambayo Nyandarua huitwa mubangi na ambayo kila mkulima huyang'oa kwa hasira, hutoa manjano safi yakichemshwa yanapochanua. Magome ya miwati, ambayo ilipandwa sana kwetu kwa ajili ya kusindika ngozi za mifugo, hutoa kahawia, na yakikutana na kijiko cha chuma huwa kijivu kinachokaribia weusi. Maji ninayotumia ni ya mvua, kutoka kwenye tangi, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chuma na huyafifisha manjano yote yakawa kama majani makavu.

Yapo mambo ambayo watu huyasifu na ambayo mimi siyafanyi. Kiazisukari hutoa maji mekundu ya kupendeza, lakini wekundu huo haudumu katika sufu. Hutoka wenyewe kwa jua na sabuni. Binzari nayo ina aibu kubwa zaidi, kwa sababu lugha yetu imeichukua rangi nzima na kuiita kwa jina lake la pili, manjano, na bado sufu iliyotiwa binzari ikianikwa dirishani kwa wiki chache hupauka. Sioni haki kumuuzia mtu sweta la namna hiyo. Kwa wekundu nimekuwa nikijaribu wadudu wa kochinili, wale wanaoonekana kama pamba nyeupe juu ya mipungate ya Laikipia. Waliachiliwa kule katika miaka ya 2010 ili kuidhibiti mipungate iliyokuwa imevamia malisho, na ukimponda mmoja kidoleni hutoa utomvu wa zambarau. Si aina ile inayofugwa Mexico na Peru kwa ajili ya rangi, na rangi yao ni chache zaidi kwa uzito, kwa hiyo inanilazimu kukusanya wengi. Lakini waridi wanaonipa mbele ya shabu ni wa kweli na haupauki.

Nili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ndiyo rangi iliyowavika bibi zetu wa pwani kaniki, na mmea wake mmojawapo, Indigofera arrecta, ni wa asili ya bara hili na humea wenyewe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Haihitaji shabu, lakini ina masharti mengine, kwa kuwa haiyeyuki katika maji. Ili iingie katika sufu lazima kwanza igeuzwe umbo ndani ya maji yenye chokaa na yasiyo na oksijeni, na kinachoigeuza ni sukari ya matunda. Kipimo kinachojulikana na watia rangi wengi ni sehemu moja ya nili ya unga, mbili za chokaa na tatu za sukari hiyo. Mimi, kwa kuwa sukari ya matunda haipatikani Engineer, hutumia maji ya ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, nikazichemsha na kuzichuja. Ndoo hukaa mahali penye joto, imefunikwa, na baada ya saa kadhaa juu yake hutanda ngozi yenye mng'ao wa shaba, na ukiipenyeza kwa kijiko unaona chini yake maji yasiyo ya buluu hata kidogo, bali ya manjano yanayoelekea kijani, kama chai ya rangi iliyotiwa ndimu.

Sufu haiipendi chokaa, kwa hiyo haikai humo muda mrefu. Mfuko wa wavu uliolowa vizuri, usio na mapovu ya hewa ndani yake, huuteremsha polepole kando ya ndoo, nikauacha dakika kumi bila kugusa mashapo yaliyotuama chini, na kuutoa nikiukamua chini ya uso wa maji ili matone yasirudishe hewa ndani. Unapotoka ni wa kijani kibichi. Kisha, mbele ya macho yako, kijani kinaanza kurudi nyuma kutoka kwenye kingo kuelekea katikati, na buluu inakifuata, kwanza kwenye ncha za manyoya zilizochomoza nje ya wavu, halafu kwenye mikunjo, na mwisho mahali palipofichika ambapo hewa huchelewa kufika. Dakika mbili tu na kila kitu kimegeuka. Nimewaita watoto wa jirani kulitazama jambo hilo mara nyingi, na mimi mwenyewe bado sijachoka kulitazama. Nikitaka buluu nzito hurudia mara tatu au nne, nikiiacha sufu ipumue dakika ishirini kati ya mara moja na nyingine, kisha huisuuza kwa maji yenye siki ili kuondoa ukali wa chokaa.

Sasa nifike kwenye sababu yenyewe. Ndoo tatu za nili hazitoi buluu moja hata kidogo. Ya kwanza ina nguvu, ya pili imechoka, ya tatu ilipozwa na baridi ya usiku. Ungekuwa ni uzi uliosokotwa tayari, tofauti hizo zingebaki hapo milele, na sweta lingekuwa na michirizi kifuani ambayo mfumaji hakuikusudia. Sufu iliyolegea inaniruhusu kupima: gramu 300 za buluu nzito, 200 za buluu iliyochoka, na 50 za kijivu cha miwati, nikavitandaza vyote tabaka juu ya tabaka sakafuni, kisha nikachukua konzi moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini na kuzipitisha katikati ya brashi mbili za meno ya waya. Mara ya kwanza zinatoka na mistari. Mara ya pili mistari inakuwa mawingu. Mara ya tatu ni rangi moja, na hapo ninasimama, ingawa ningeweza kuendelea, kwa kuwa nikiendelea mchanganyiko hufa na kuwa kama rangi ya ukutani. Nywele za buluu na za kijivu bado zinaonekana kila mmoja peke yake ukiweka uzi karibu na jicho, na jicho lenyewe ndilo linalozichanganya ukiwa mbali. Kijani changu chote kinapatikana hivyo, buluu ya nili na manjano ya mubangi vikilala ubavu kwa ubavu, na sijaona sufuria iwezayo kupika kijani kama hicho.

Ipo hoja ya upande mwingine, nami naiheshimu. Kutia rangi uzi uliokwisha sokotwa ni kazi ya siku moja, hakupotezi manyoya, na mteja akitaka rangi aliyoichagua anaweza kuipata wiki hiyohiyo. Katika kikundi cha akina mama wa Nanyuki, ambao wamekuwa wakisokota na kufuma sufu tangu miaka ya 1970, niliona mashada ya uzi yakianikwa nje baada ya kutiwa rangi, kila moja limelingana na jirani yake, na wale waliokuwa wakiyafua wana miaka mingi katika mikono yao kuliko mimi. Ustadi kama huo wa kulinganisha sina. Mwenye oda kubwa ya mazulia afuate njia hiyo bila kusita. Mimi nafuma sweta chache kwa mwaka, na muda ninao.

Kusokota nilianza kukuona kabla sijajua jina lake. Nyanya yangu, kama wanawake wengi wa rika lake, alikuwa akifuma viondo, na uzi wa mkonge aliutengeneza kwenye paja. Alikuwa akiketi na miguu iliyonyooshwa, akachukua nyuzi chache za mkonge kwa kila mkono, akaziviringisha mbele kwa kiganja juu ya ngozi mpaka zikajikaza, kisha kwa mwendo wa kurudi nyuma akaziunganisha mbili ziwe kamba moja. Mkonge wake aliupika na rangi kabla ya kuusokota. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba hakuna njia nyingine. Sikumuuliza sababu, na sasa hayupo wa kuulizwa, ila ninapochanganya sufu sakafuni humkumbuka akichagua nyuzi nyekundu mbili na moja ya kahawia kutoka kwenye marundo yaliyokuwa kando yake, bila kutazama.

Gurudumu langu lilitengenezwa na seremala wa hapa kwetu kwa ringi ya baiskeli ya Black Mamba, mbao za msonobari na mkuki wa chuma uliochongoka. Kamba inapita juu ya ringi na kuzunguka kapi dogo la sentimita mbili, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja mkuki unazunguka mara thelathini hivi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unashika kibunda cha sufu iliyochanwa na kukivuta kurudi nyuma. Kwa nusu sekunde sufu inakuwa nyembamba na dhaifu kiasi kwamba ungeipulizia ingekatika. Halafu msokoto unaipanda kutoka kwenye ncha ya mkuki, unaikuta mahali palipo pembamba, na papo hapo inakuwa na nguvu. Mahali palipo panene hapapati msokoto mpaka pavutwe, na hivyo uzi unajisawazisha wenyewe mkono ukiwa mwepesi. Kosa la kila anayeanza ni kubana. Akibana, msokoto hauendi popote, unarundikana mbele ya vidole na uzi unajifunga vifundo.

Namna hii ya kutumia uzito unaozunguka si ngeni kwetu. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale walipata vipande vingi vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vilivyokuwa uzito wa vijiti vya kusokotea pamba. Nimewahi kujitengenezea kimoja kwa kigae cha mtungi uliovunjika, na kilisokota sufu ya Kinangop bila shida yoyote.

Uzi mmoja peke yake bado haujatulia. Ukiulegeza hujikunja kama nyoka. Kwa hiyo ninaijaza mikuki miwili, kisha nyuzi hizo mbili ninazipota pamoja kwa kulizungusha gurudumu upande wa pili. Msokoto wa nyuma unalegeza kiasi cha ule wa mbele, nyuzi zinafura kidogo na kukumbatiana, na hapa ndipo rangi zinapokutana kwa mara ya mwisho, kwa sababu mahali ambapo uzi mmoja una buluu zaidi mwingine huwa na kijivu zaidi. Shada likitolewa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kuning'inizwa. Likining'inia wima bila kujizungusha, basi msokoto na upoto vimelingana. Gramu 100, kuanzia kuchana hadi kuning'iniza, hunichukua saa tano, na sweta la mtu mzima hula gramu 600 au 700.

Mwezi uliopita nilimfumia jirani yetu sweta. Sikutaka kumpa rangi ambayo asingeivaa, kwa hiyo nilichagua buluu ya kijivu: nili ya ndoo mbili, kijivu kidogo, na sehemu moja kati ya tano ya sufu ya yule jike wake wa kahawia, ambayo sikuitia rangi yoyote. Alilipokea mlangoni kwangu, akaligeuza ndani nje kama anayekagua ngozi, akapeleka mkono wa sweta kwenye mwanga na kukaa kimya. Kisha akaweka kidole juu ya uzi mmoja karibu na kifundo cha mkono, mahali ambapo nywele nne au tano za kahawia zilikuwa zimechomoza katikati ya buluu, akaniuliza, "Huyu si yule jike wangu?"